Mwanya Baada ya Salamu

Bariadi, Jumanne usiku

Hata nikifumba macho bado nayaona mawimbi ya sauti za wasikilizaji ninazohariri redioni. Nikiyavuta karibu kwenye kompyuta yanakuwa vilima. Nikiyarudisha mbali, salamu nzima inabaki kama msururu wa sisimizi.

Bosi amenichosha. "Redio yetu bado mpya! Ikinyamaza, watu watadhani imeharibika. Kata ukimya wote kwenye salamu." Nikakata.

Leo mzee mmoja wa Ipililo alirudi kusikiliza salamu aliyomrekodia binti yake, Kabula. Binti aliondoka nyumbani kwa hasira na hajulikani alipo. Mzee alisikiliza, kofia mkononi, kisha akaniuliza taratibu:

"Mwanangu, mbona nasema 'Mwangaluka, mayu' halafu naendelea tu? Ataitika saa ngapi?"

Kwetu Usukumani humwamkii mtu 'mwangaluka' asubuhi, hata awe binti unayemwita 'mayu', yaani mama, ukampita kabla hajaitika. Nami najua hivyo tangu utotoni!

Basi nimeurudisha ule ukimya. Nikauvuta karibu, karibu zaidi, mpaka ukajaza kioo chote: mstari mmoja uliolala kama mbuga ya kiangazi, na humo ndani pumzi ya mzee, ndogo sana, ikisubiri. Nilikaa nikiitazama kama mtu anayeota.

Bosi atafoka, najua. Na kama Kabula hana redio huko aliko...

Kesho asubuhi salamu itakwenda hewani hivyo hivyo. Ukifika ule mwanya, nitaitika mimi, nikiwa studioni, kwa sauti, asije mzee akaachwa peke yake.