Nyumba Yetu ya Rongo Lazima Ivae

Nyar Sindo,

Naanza kwa jina hilo kwa sababu ukiita Atieno pale soko la Rongo, nusu ya soko inageuka. Nyar Sindo, binti wa Sindo, alikuwa mmoja tu. Ni mimi, Boke. Nimekaa jikoni kwenye kile kistuli chako cha kumenyea viazi, maana sebuleni kunanuka rangi mpaka kichwa kinauma. Nimeona nikuandikie mwenyewe kabla hujasikia kwa njia nyingine. Nyumba yetu naiuza.

Usianze kupiga kelele. Nisikilize kwanza.

Mdogo wako Omondi hajanifukuza. Nasema hivyo mapema ili usije ukamkasirikia bure huko uliko. Baada ya mazishi alikuja hapa, akanywa chai, akaangalia kuta zote, halafu akasema, "Dada Boke, wewe kaa hapa mpaka mwenyewe uchoke. Hii plot haina haraka." Nikakaa. Aliyechoka ni mimi. Nilipompigia simu kumwambia tuuze, alisema sawa.

Nimechoka na kimya, Nyar Sindo. Mimi Mkuria wa Ogwedhi, wewe Mjaluo wa ziwani, na katikati yetu kulikuwa na Kiswahili. Kijaluo changu hakikuwahi kuvuka meza yangu ya mahindi na maharagwe. Kikuria chako kilikuwa cha kuniudhi tu. Kwa hiyo kila kitu ndani ya nyumba hii tulikifanya kwa kile Kiswahili chetu cha kuokoteza: kugombana, kuombea chakula, kusengenya majirani. Sasa Kijaluo nakisikia sokoni siku nzima na Kikuria nakipata kwenye simu kaka yangu akipiga. Lakini kile chetu cha jioni, viatu vikiwa vimevuliwa, sina wa kuongea naye. Juzi nilijikuta nikiiambia redio ipunguze sauti. Nilisimama pale nikaona aibu kama kuna mtu aliyenisikia.

Hata siku ile tulipokuzika kule Sindo, walizungumza Kijaluo tangu asubuhi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye hema la wageni. Nikasikia Rongo imetajwa, watu wakanigeukia, nikainuka kidogo, nikakaa tena. Mpaka leo sijui walisema nini juu yangu. Wa kunitafsiria ulikuwa wewe.

Basi, habari ya nyumba.

Nilitafuta broka. Anaitwa Fredi, kijana wa suti ya kubana na viatu virefu mbele, mpole lakini mdomo haupumziki. Aliingia sebuleni, akasimama mlangoni, akashika kiuno. "Auntie, kwa heshima tu, hii sitting room imevaa sana. Customer akiingia hapa anaona wewe, haoni nyumba. Toa hizi vitambaa zote, zinazeesha nyumba. Toa hizi picha. Halafu hii blue, auntie, hii blue tufunike na krimu. Krimu haigombani na mtu."

Nilitamani ungekuwepo umjibu. Wewe uliyekuwa ukisema nyumba lazima ivae. Tulipohamia hapa, simenti bado mbichi, madirisha hayana vioo, wewe tayari ulikuwa umeshaning'iniza pazia. Nilikuuliza unamfichia nani na hapa hata mlango hakuna. Ukanijibu, "Wewe Boke, hata mtu maskini anavaa nguo. Nyumba itembee uchi kwa nini?" Na watu walikuwa wakituangalia kweli, wanawake wawili waliotoka kwa waume, mmoja mshona mapazia na mwingine muuza nafaka, wamenunua kiwanja na wanasimamia fundi wenyewe. Walisema hatutamaliza mwaka bila kupigana. Tulipigana, lakini hatukuhama.

Nilimtii Fredi. Ningefanya nini? Yeye ndiye anayejua wanunuzi.

Nilianza na picha. Ulikuwa umezitundika juu kabisa karibu na dari, zimeinama mbele kama zinatuchungulia, na kila siku nilikuambia shingo yangu itavunjika siku moja nikimwangalia marehemu mama yako. Nilipanda juu ya meza kuziteremsha. Mama yako, kaka yangu na ng'ombe wake, ile yetu ya siku ya kupaua. Nyuma ya kila moja ukuta umebaki msafi, vipande vya mraba vyeupe kule juu. Nilishuka nikavitazama nikiwa chini, na bado shingo iliniuma.

Halafu rangi. Nilienda pale kwa muuza vifaa vya ujenzi, akanifungulia kitabu chenye rangi zote, krimu peke yake ziko za aina nyingi ajabu. Akaniuliza nataka ipi. Nikageuka kando kukuuliza. Kweli kabisa, niligeuka, na kando yangu palikuwa na mwanamume anayesubiri misumari. Nikanyoosha kidole tu, yoyote.

Unakumbuka tulivyogombana juu ya ule ukuta? Mimi nilitaka udongo mwekundu kama nyumba ya mama yangu kule Ogwedhi. Wewe ukatoweka siku mbili, ukarudi kutoka Sindo na madebe ya rangi ya boti, ile buluu nzito ambayo kaka zako wanapaka boti zao, umeipata bure kwa fundi wa pale ufukweni. Ulipaka nusu ya chini ya ukuta wote kabla sijatoka sokoni. Niliporudi ulikuwa umekaa sakafuni, buluu mpaka kwenye nyusi. Ukaniambia, "Juu weka udongo wako, mimi sitaki ugomvi." Juu nikaweka nyeupe kwa hasira, ili sote tukose. Baadaye tuliizoea.

Sasa hiyo buluu nikaipaka krimu mwenyewe, kwa rola, kwa sababu fundi nilimwona ghali na kichwa changu ni kigumu, unakijua. Nilimaliza jioni. Nyumba ikawa safi, pana, kimya. Fredi akapiga picha na simu yake, akaniambia, "Sasa auntie umeelewa."

Kilichonivunja si hiyo rangi. Kilichonivunja ni vitambaa.

Nilivivua vyote. Vya makochi, cha redio, cha meza, hata kile ulichokifumia mtungi wa maji ambao wageni walikuwa wanaucheka. Nikaona si vizuri kuvikunja na vumbi, nikavitia kwenye beseni na sabuni na ile dawa ya kung'arisha. Nilivisugua kwa bidii. Ilikuwa kazi, na kazi inanisaidia siku hizi. Nikaanika kwenye waya nyuma ya nyumba, vikapepea vyeupe pe, nikajisifu.

Vilipokauka nikawa navikunja. Nikafika cha kiti chako, kile cha karibu na dirisha ambacho ukiwa nyumbani hakuna aliyethubutu kukikalia. Cha mgongoni. Nikakigeuza, nikakigeuza tena. Nyar Sindo, kile kitambaa kilikuwa na doa la mafuta ya nywele zako, la rangi ya chai, pale kichwa chako kilipolala kila jioni ukinisimulia mambo ya wateja. Miaka yote nilikusimanga kwa hilo doa. Wewe mwenyewe unayevisha nyumba za watu, nilisema, na kwako kuna doa kama hili. Sasa halipo. Nimelitoa kwa mikono yangu. Nilikipeleka puani, kikanuka dawa tu.

Nililia vibaya. Sikulia hivyo hata Sindo, kule kulikuwa na watu. Nilikaa chini pale nyuma na kile kitambaa mpaka jirani akachungulia kwenye ua, akauliza, "Mama, uko sawa?" Nikamwambia ni moshi. Hakukuwa na moto popote.

Wa kwanza kuja kuona nyumba walikuwa mtu na mkewe, wamevaa vizuri. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jikoni na kikombe changu cha chai. Yule mke akazunguka sebule, akagusa ukuta, akamuuliza Fredi, "Hii imekaa bila watu muda mrefu?" Mimi niko hapo, nakunywa chai. Fredi akacheka kidogo, akasema hapana, owner yuko. Wakanisalimia. Hawakurudi.

Usiku ule nilijua nimefanya kitu kibaya, ila sikujua cha kufanya. Ukuta ndio ulinisaidia. Nilikuwa nasogeza kochi, pembe yake ikakwaruza ukuta kidogo, na ile krimu ikatoka. Si kipande kidogo. Niliivuta kwa kidole ikaja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka, karatasi nzima, na nyuma yake buluu yako inang'aa kama siku ile. Rangi ya boti, Nyar Sindo! Imetengenezwa ikae ziwani isitoke, na mimi nimeibandika rangi ya maji juu yake bila hata kupiga msasa. Nilicheka peke yangu. Nilicheka mpaka nikakaa. Nikasikia kabisa vile ungesema, "Boke, wewe na haraka yako."

Asubuhi Fredi alipokuja na mteja mwingine, alinikuta na kisu cha jikoni, krimu imejaa sakafuni, nimefika nusu ya sebule. Alishika kichwa. "Auntie! Unaniua! Nitaambia watu nini?" Nikamwambia awaambie hapa walikaa watu. Nikamwambia na picha zinarudi, na vitambaa vinarudi, na asiyependa atapaka krimu yake akishahamia, na nitamfundisha kupiga msasa. Fredi ni mtoto mzuri. Alivua koti, akachukua kijiko, akakwangua ile kona ya nyuma ya mlango huku akinung'unika kwa Kijaluo, na mteja wake akaenda zake.

Kwa hiyo nimeivisha. Nusu ya juu nimeirudia upya, na nimeweka ile ya udongo niliyoitaka mimi toka mwanzo. Harufu ninayokuambia ni hiyo. Buluu chini, wekundu wa Ogwedhi juu. Ungeona. Haipendezi sana, nakubali. Lakini ni sisi.

Walionunua walikuja wakati rangi ya juu bado haijakauka. Kijana anafanya kazi pale chuo kikuu, mkewe ana mimba kubwa. Mke alisimama katikati ya sebule, akainua shingo kuangalia zile picha kule juu, akacheka, akasema, "Kama kwa dani," yaani bibi yake. Kisha akakaa bila kuambiwa. Alikaa kwenye kochi, si kwenye kiti chako. Niliangalia hilo. Walipokubaliana na Fredi, yule mke aliniomba kwa adabu, "Auntie, na mkiweza tuachieni na vitambaa. Na viti." Nikamwambia makochi achukue. Vitambaa achukue, na cha mtungi pia, akitafutie mtungi. Kiti cha dirishani hakiuzwi na kitambaa chake hakiuzwi. Hakuuliza kwa nini. Aliitikia tu kwa kichwa, akaweka mkono juu ya tumbo lake.

Mwezi huu ukiisha naenda Ogwedhi. Kaka yangu amenijengea chumba kando ya nyumba yake, kuta ni simenti tupu. Nitaamka na kelele za mnada wa ng'ombe, na kila mtu ataniongelesha Kikuria, na nitajibu. Nitakuwa nyumbani, ndivyo wanavyosema. Mimi naogopa. Naogopa kile Kiswahili chetu kitanifia mdomoni, kwa sababu ni wewe tu uliyekijua.

Ndiyo maana nakuahidi hivi. Nitakuandikia kwacho kila nikikosa wa kuniambia napaka nini wapi. Kabla ya kwenda Ogwedhi nitapitia Sindo, nikae kando yako mchana mmoja. Omondi ananitafutia debe la rangi ya boti, nami nitaipaka nusu ya chini ya kile chumba. Hata kama kaka yangu atasema nimerogwa.

Na kiti chako kitakaa karibu na dirisha. Jana jioni nilikikalia, mara ya kwanza tangu tukinunue. Nilitandika kile kitambaa mgongoni, nikaegemeza kichwa pale pale ulipokuwa ukiweka chako. Mafuta ninayopaka mimi si kama yako, unajua, mimi ni wa yale ya bei rahisi. Lakini nitakaa hapo kila jioni, hata Ogwedhi. Doa litarudi polepole. Sitalifua.

Oriti, Nyar Sindo. Ulinifundisha kuaga hivyo, na nililitamka vibaya ukacheka. Nalitamka tena, vibaya vile vile.

Boke wako