Chekeche la Zainabu

Jumatano, 11 Machi 1953

Ulimi wangu utaniponza. Daktari ameshasema tumbo la mwanangu Zainabu halipatani na ngano, kwa hiyo leo mchuzi wake wa nyanya na pilipili nimeukolezea unga wa mchele niliotwanga mwenyewe. Ukawa mzito, mwekundu, mtoto akaramba mpaka sahani.

Alasiri tumbo likamjaa tena, akalia.

Nikamgeukia mama mkwe, maana kwake mchuzi mwepesi ni aibu ya nyumba. "Mama, umetia ngano nilipokwenda kuteka maji!"

Alishusha chekeche ukutani, akaligonga kwenye kiganja. Ukadondoka unga laini, si wa mchele. Jana nilichekechea unga wa chapati, leo nikalikung'uta tu, kama siku zote, kisha nikachekechea wa mchele.

Nilitaka kumwomba radhi. Badala yake nikamwambia eti chai iko tayari. Chai!

Zainabu amelala, tumbo limetulia kidogo. Naogopa hatakua kama wenzake. Naogopa sana, na hofu yangu nikamtupia asiye na kosa.

Magharibi mama mkwe alikata kipande cha kanga yake ya Idi, ile ambayo hajaivaa hata mara moja, akakikaza kwenye mkebe uliotolewa kitako. Akanikabidhi.

"Chekeche hili ni la mjukuu wangu. Ngano isilione."

Nikalipokea kwa mikono miwili. Radhi bado sijamwomba.