Nimechomoa Waya Akiwa Anazungumza, na Radhi Siombi

Mpendwa mshauri, shikamoo. Nakuandikia nikiwa bado nina hasira, kwa hiyo univumilie, na unisaidie kabla Jumamosi haijafika.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta za kutunza kumbukumbu za dawa hospitalini, na miaka miwili iliyopita nilichoka kuifanya peke yangu bila mtu wa kumuuliza ninapokwama, nikamwendea shangazi yangu anayefundisha ushonaji, nikamwomba darasa lake siku za Jumamosi, akakubali kwa sharti kwamba vyerehani visiguswe, nikabandika tangazo la kuwaita wanaojifunza kuandika programu kwenye maduka ya simu, na siku ya kwanza tukaja watu wanne tu, tukakaa katikati ya vipande vya vitambaa tukisaidiana mpaka njaa ikatufukuza. Leo tunafika arobaini. Yupo muuguzi, yupo fundi wa kuchomelea mageti anayeandika programu ya kumpigia hesabu za vipimo vya vyuma, na yupo Mwalimu, mama mstaafu wa miaka sitini na sita, ambaye alikuja hajui hata kuwasha kompyuta na sasa ameandika mwenyewe programu ya mahudhurio ya wanafunzi.

Mwaka huu kaka yangu alimleta bosi wake, watu wanamwita Injinia, na kazi anaijua kweli, hilo siwezi kumnyima. Wiki za mwanzo alikuwa msaada, kisha akaanza kubadilisha ratiba bila kuniuliza, akasema tuhamie ukumbi wa maana, akasema anayetaka kuingia apewe mtihani mlangoni ili tusipoteze muda na "watu wa kuwasha na kuzima", na mimi akaniambia mbele ya wote, "Dada, wewe una sura ya ukarimu, baki mapokezi, mambo ya kitaalamu tuachie sisi." Watu wakacheka, na mimi nikacheka, mshauri, na hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo, kwamba nilicheka, nikaendelea kuandika majina ya wageni mlangoni miezi miwili mizima.

Jumamosi iliyopita zamu ilikuwa ya Mwalimu kuonyesha programu yake. Injinia akapita mbele, akaunganisha kompyuta yake na projekta, akasema, "Tuanze na mambo mazito. Bibi atatuburudisha mwishoni, muda ukibaki." Akazungumza saa nzima na dakika ishirini. Mara mbili nilimwonyesha saa, mara mbili akanipungia mkono kama anayefukuza nzi. Nikainuka, nikapita katikati ya viti, nikachomoa waya. Picha ikapotea ukutani.

"Unafanya nini wewe?"

"Muda wako umeisha. Mwalimu, karibu mbele."

Injinia akakusanya vitu vyake akaondoka, na watu kumi na saba wakamfuata. Mwalimu alisimama, programu ikagoma mara mbili, muuguzi na fundi wakasogea kumsaidia kutafuta kosa, na ilipokubali chumba kizima kilipiga makofi.

Sasa Injinia anasema atarudi na watu wake nikimwomba radhi hadharani. Kaka haniamkii wala haniagi; aliniambia tu, "Unataka nikose kazi kwa sababu ya vikao vyako?" Shangazi naye amesikia ya mitaani, anasema darasa lake si uwanja wa ndondi. Mshauri, radhi siombi. Ninachotaka kujua ni kama nina wazimu.

Mchomoa Waya

JIBU

Marahaba, mwanangu. Wazimu huna. Hasira unayo, na ilichelewa miezi miwili.

Siku ile Injinia alipokutuma mapokezi ndiyo siku ya kusema, "Hapana, bwana, mimi ndiye mwenyeji hapa." Maneno machache tu, na waya ungebaki mahali pake. Wewe ukacheka. Najua kwa nini ulicheka, wengi wetu tumecheka hivyo kazini, lakini kile kicheko alikihesabu kama ruhusa. Usimpe tena.

Radhi ya kulazimishwa mbele za watu ni adhabu tu, na aliyekosewa kwanza si yeye. Usiombe. Akitaka kurudi, mlango uko wazi, akae kwenye kiti kama muuguzi na fundi, na siku ya zamu yake azungumze dakika zake kama wenzake. Mtihani mlangoni usahau kabisa. Hao wa kuwasha na kuzima ndio uliowafungulia darasa.

Kaka yako anaogopa, na hofu yake ni ya kweli, usiidharau. Lakini mkate wake hauwezi kuwa kamba ya kukufungia wewe. Mwambie kwa upole, mara moja tu, kisha usijibishane. Kwa shangazi nenda leo hii, kwa miguu yako, umweleze mwenyewe kilichotokea kabla mitaa haijamalizia hadithi. Na gawana kazi: mwingine ashike ratiba, mwingine mlango, kila wiki wabadilishane. Jambo la watu arobaini ukilibeba peke yako, yeyote mwenye sauti kubwa atakupokonya.

Sasa nikugombeze kidogo. Barua yako yote ni wewe na Injinia, Injinia na wewe. Yule mama mstaafu ulimwita mbele ya chumba kilichojaa ugomvi, watu kumi na saba wakimpa kisogo, programu ikimgomea, na hukumuuliza kama yuko tayari. Ulimtumia kama fimbo ya kumchapia mwanamume. Makofi hayakufuti hilo.

Kwa hiyo radhi unayo ya kuomba, ila umekosea mlango. Mpigie Mwalimu simu sasa hivi, umwombe radhi, kisha umuulize kama angependa kuonyesha programu yake upya Jumamosi hii, kwa utulivu, wa kwanza kabisa. Akisema ndiyo, wewe kaa kiti cha mbele. Mapokezi ashike mwingine.