Mama Alisugua Tangi, Jiko Likawaka

Ijumaa, Mjambere. Kumepambazuka kwa manyunyu, nguo za jana bado mbichi kambani, na miye nacheka peke yangu.

Jiko limewaka.

Nina matangi mawili uani kwa Mama. Moshi wa tanuri la mikate la jirani yetu, Bwana Kombo, unapita kwenye paipu hadi majini, na hewa yake ya ukaa inalisha mwani mdogomdogo mpaka maji yanakuwa kijani. Mwani huo nautia kwenye pipa la samadi lililofungwa, uoze, utoe gesi ya kupikia. Kwenye daftari ni rahisi. Miezi minne sikupata gesi hata ya kuchemshia yai.

Mama akachoka. Arusi ya mdogo wangu imekaribia, na uani ndipo patakapopikwa pilau. Akanambia ikifika Ijumaa ya leo hapajawaka kitu, matangi yatoke. Niliacha ualimu kwa ajili ya maji hayo.

Kisha Alhamisi ya wiki iliyopita nikarudi nikakuta tangi kubwa linang'ara. Kwetu Alhamisi kila chombo huoshwa, Ijumaa isikute uchafu. Mama alilisugua kwa makumbi ya nazi mpaka chini. Lile tope zito la kijani akaona haya kulimwaga njiani, majirani wangesema nini, akalitia lote kwenye pipa langu la samadi.

Nakiri, nilimpandishia sauti mamangu. Siku mbili sikula naye.

Kumbe wiki nzima ile tyubu ya lori ninayowekea gesi ilikuwa ikivimba. Mimi nilikuwa nachota maji ya juu, mepesi, kwa kikombe, ndiyo nikitia pipani. Mwani wenyewe ulilala chini, na huko sikuwahi kutia mkono.

Leo asubuhi nimewasha kiberiti, ukashika moto wa buluu, umetulia. Mama akateleka birika. Chai ikachemka wallahi, akamimina vikombe viwili.

"Nisamehe, Mama."

"Kunywa, itapoa. Na lile tangi la pili nalo chafu."

Matangi hayatoki. Pilau la arusi ni la kuni, ila chai ya wageni itakuwa ya mwani, inshallah. Alhamisi Mama anasugua la pili, nami nitamshikia ndoo.

Shahada ya kemia ninayo miye. Mbona miezi yote hiyo sikuwahi kuinama?