Meza ya Maharusi Imekataa Kutoka

Nyumba ya Seremala,
Nyuma ya Soko,
Tarehe 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zetu tele. Habari za kazi, na baridi ya huko? Kifua cha wifi kimepona? Sisi tu wazima. Mgongo unamsumbua Baba asubuhi, lakini akishashika randa anausahau.

Barua yako ilifika. Ulisema huwezi kulipia ukumbi wa harusi na nauli yako pia, tuchague kimoja. Kamati ikachagua ukumbi. Shangazi, ambaye ndiye mwenyekiti, alisema wageni wakikosa pa kukaa tutasemwa mpaka tuzeeke. Mdogo wetu, bibi harusi mwenyewe, hakupinga. Aliingia jikoni akaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Mimi ni mweka hazina, nikaandika walivyoamua, ila roho haikutulia.

Sasa usicheke. Ili kupunguza gharama, Baba alikataa tusikodi meza ya maharusi. Akaitengeneza mwenyewe karakanani, mbao nzito, viungo vyote vya gundi, bila msumari hata mmoja. Jukwaa la ukumbini alikwenda kulipima mara mbili, unamjua. Mlango wa karakana yake hakuupima.

Jumamosi wabebaji wakaja. Wakailaza ubavu, ikagoma. Wakaisimamisha, ikagoma. Shangazi akashika kiuno.

"Fundi mzima wewe, mlango hukuuona?"

"Nauona kila siku," Baba akajibu. "Sijawahi kukwama."

"Basi ikate miguu!"

"Nianze na ya kwako."

Wabebaji walicheka mpaka wakaketi chini. Mdogo wetu hakucheka. Alipanda akakaa juu ya meza, akaangalia paa, akaangalia kuta, kisha akasema kama haitoki, basi sisi tuingie. Harusi ifanyike humo humo. Shangazi akaruka: karakana inanuka vanishi!

"Na ukumbi una nini, Shangazi? Kaka yangu hatakuwemo," mdogo wetu akamjibu.

Baba akachukua ufagio akaanza kufagia maranda, nasi tukajua mambo yamekwisha.

Msimamizi wa ukumbi ametuachia bila ugomvi. Tumepoteza kishika nafasi tu, yale malipo ya awali, nami nimekifidia kwa kupunguza mapambo. Mbao zilizorundikwa ndizo zitakuwa mabenchi. Shangazi sasa anajifanya wazo lilikuwa lake, na ameshaanza kugawa nafasi za wakwe.

Kwa hiyo Kaka, fedha ya ukumbi usiitume. Kanunue tiketi, leo kama inawezekana, kabla nauli haijapanda. Chumba chako nimekifungua madirisha. Baba hasemi kwamba amekukumbuka, lakini tangu asubuhi ananiuliza kama barua imekwenda posta.

Amesema yeye atampokea binti yake mezani. Wa kumsindikiza kuingia ni wewe. Nilimwuliza mdogo wetu nimwandike nani wa akiba, endapo utakwama. Akaniambia nisiandike mtu. Usipofika ataingia peke yake, na hilo hatanii.

Nisalimie wifi na watoto. Waambie shangazi yao anawakumbuka. Shangazi yetu anakusalimu, na Baba pia, kwa namna yake. Mungu akufungulie njia, akulete salama mpaka mlangoni.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Mweka Hazina