Godoro la Mwaka Sabini na Tisa

Busia, Kenya
4 Februari 2024

Mwanangu Jovia,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, ila masikio yamekufa na simu hainifai tena. Barua hii ataileta Felistus wa omena, anayevuka mpaka kila siku kuuza dagaa zake huko Tororo. Baba yako, kaka yangu Okumu, anaendeleaje na kifua chake?

Nina habari. Vijana wa Kisumu wanaandaa maonyesho ya katuni nilizochora gazetini wakati wa vita vya kumng'oa Amin, mwaka sabini na tisa. Wanaitaka hasa ile ya askari wa Amin anayekimbia vita na godoro juu ya baiskeli, "Jeshi Linarudi Nyumbani Kulala". Ilichekesha watu mpaka Nairobi. Askari yule ni baba yako, unajua. Nilimwona nikiwa upande huu wa mpaka, nilikokuwa nimehamia, nikamchora na sura yake yote. Tangu siku hiyo hajanisemesha, na habari za jeshi hajamwambia mtu yeyote.

Nina miaka sabini na moja sasa. Mwombe aje tukaitazame pamoja, tucheke, yaishe.

Baba yako mdogo,
Patroba


Tororo
19 Februari 2024

Baba mdogo,

Tumepokea salamu zako. Sisi tupo, lakini Baba si mzima. Daktari ametuambia tumrudishe nyumbani, hakuna la kufanya zaidi.

Nilimsomea barua yako. Siku ya tano nilikuwa namnywesha uji, akasema, "Ndani ya godoro kulikuwa na Chrispinus."

Ni yule Chrispinus wa kijijini kwetu Lunyo, jirani yenu, mliyecheza naye utotoni. Yeye na Baba waliingia jeshi pamoja. Alipigwa risasi karibu na Bugiri, na Baba hakukubali abaki porini ambako mama yake hangejua kaburi. Alimviringisha kwenye godoro akamsukuma siku mbili. Yeye na mama huyo walimzika kimyakimya nyuma ya nyumba, maana askari wa Amin walikuwa wanawindwa, na yule mama akamwapisha Baba asiseme neno mpaka yeye afe. Alipokufa, Lunyo nzima ilikuwa imeshazoea kumwita Baba "Godoro". Akaona hakuna atakayemwamini.

Nimeitoa katuni yako nikaitazama tena. Umechora hata nzi. Miaka yote nilidhani ni mzaha. Nimekukasirikia, sikufichi.

Mwanao,
Jovia


Busia
24 Februari 2024

Mwanangu,

Salamu leo zimenishinda. Nzi niliwaona. Niliwachora kwa sababu walikuwepo, na sikujiuliza wamefuata nini. Nilikuwa hatua thelathini tu kutoka kwake. Ningemwita jina, angesimama.

Vijana nimewakatalia ile katuni. Namchora kaka yangu upya, mambo yalivyokuwa, nije nayo mkononi. Muulize Chrispinus alivaa nini. Muulize mama yule alisimama wapi walipofika.

Baba yako mdogo,
Patroba


Tororo
3 Machi 2024

Baba mdogo,

Natumaini u mzima. Nimemuuliza maswali yako, akajibu hivi: "Picha ya nini? Ile ya kwanza ilitosha. Mwambie akuje tu, aniangalie."

Hali kitu tena. Kutoka kwako mpaka hapa ni safari ya saa moja. Njoo kesho, tafadhali.

Mwanao,
Jovia


Busia
10 Machi 2024

Mwanangu,

Nakuja, nipe wiki moja. Nimechana karatasi sita, uso haukubali. Nikuambie ukweli: naogopa kumtazama. Kwenye karatasi ninaweza.

Baba yako mdogo,
Patroba


Tororo
18 Machi 2024

Baba mdogo,

Baba ametutoka leo saa mbili asubuhi. Felistus alifika na picha yako saa nne. Umemtuma yeye, wewe ukabaki.

Ni picha nzuri, siwezi kusema uongo. Mama wa Chrispinus ameweka mikono kichwani, na mimi nimelia. Lakini uso uliouchora ni wa kijana. Huyu mzee aliyelala hapa hujawahi kumwona.

Jumapili tatu alivaa shati lake jeupe akakaa mlangoni. Kila Felistus alipotokea njiani, alitazama nyuma yake kama kuna mtu.

Tunamzika Jumamosi, Lunyo. Desturi unaijua, ndugu ndiye husimama akasimulia maisha ya marehemu. Wale wote waliomwita Godoro watakuwepo, na watoto wao. Nafasi hiyo nimekuwekea wewe. Usije na karatasi. Utawaambia kwa mdomo wako nani alikuwa ndani ya lile godoro.

Na kabla jeneza halijafungwa, nitakushika mkono nikupeleke umwangalie.

Mwanao,
Jovia