Kabla Mwende Hajarudi Shule

Jumatatu, 28 Desemba
Kwa broka anayenunua embe zetu tena, kuchagua. Nzima kwenye kreti, mbovu kwenye rundo. Nzi wa matunda wamezidi mwaka huu. Redio ikataja watoto wa shule ni fungu gani la wagonjwa wa korona. Mikono ikasimama. Shule zinafunguliwa Jumatatu ijayo, na Mwende wangu ana pumu. Nilipiga fungu hilo kwa darasa lake, nikaona madawati matupu. Nina hasira na kila aliyeamua zifunguliwe.

Jumanne, 29 Desemba
Mwethya leo, kikundi chetu cha kulimiana kwa zamu, shambani kwa Mama Kioko. Wanawake wote, matuta ya kuzuia maji. Nikawaambia ya redio. Ni mimi peke yangu niliyemaliza sekondari, kwa hivyo hesabu nikiisema imekwisha. Nikasema fungu hilohilo la watoto wetu litaugua. Majembe yakatulia. Mama Kioko ndiye mwenyekiti. Akasema, "Mama Mwende, wewe ndio ulisoma. Ukisema wakae, wanakaa."

Na mwethya ukiamua, umeamua. Anayejitenga atachimba matuta yake peke yake. Hakuna mtoto atakayeenda. Nilirudi nyumbani kichwa juu, nikijiona mtu.

Jumatano, 30 Desemba
Mume wangu Musyoka amepiga simu kutoka Kibwezi, anakowamwagilia watu vitunguu. Ati uamuzi wa Mwende kwenda shule ni wangu. Rahisi kusema ukiwa Kibwezi.

Mwende amepaka viatu rangi. Vinambana, naona anavyokunja vidole, lakini hasemi. Anauliza kama mwalimu ni yule yule. Nimemfokea bure.

Alhamisi, 31 Desemba
Nimegombana na broka. Alisimama juu ya rundo la mbovu. "Mama Mwende, si unaona hii rundo? Embe za ngowe za kwenu zimeoza yote. Sitaki tena."

Damu ilinipanda. Ngowe zetu mle zilikuwa za kuhesabika, na nyingi nzima zilishapakiwa. Nikamwambia, "Wewe unaangalia rundo peke yake! Angalia na zile ziko kwa lori!"

Halafu nikayasikia maneno yangu mwenyewe, nikaweka embe chini. Broka alidhani nimeogopa.

Redio ilisema katika wagonjwa, watoto ni wangapi. Haikusema katika watoto wote, wagonjwa ni wangapi. Mimi nimetazama rundo nikaliita shamba. Kosa la broka ni langu, na mimi nimelieneza kijiji kizima. Masikio yaliwaka moto njia nzima.

Ijumaa, 1 Januari
Mwaka mpya. Chapati zangu nimemwachia Mwende. Nikinyamaza, watoto watabaki. Binti wa Mama Kioko ameshaanza kuuza embe kando ya barabara. Akionja pesa, darasani harudi. Nikisema, nitachekwa hadi mvua nyingine. Nimefagia uwanja mara mbili.

Jumamosi, 2 Januari
Nimesema. Nilikwenda mwethya na embe kwenye leso, nikazipanga chini, mbovu huku, nzima kule. Walielewa upesi kuliko mimi. Wakacheka, nami nikastahili. Kisha Mama Kioko akaacha kucheka. "Na wako anaenda?"

Hesabu ya watoto wote haijui kifua cha Mwende. Nao wananitazama. Nikimficha wangu, maneno yangu yote ni bure.

Nilimpeleka Mwende moja kwa moja kwa nesi wa dispensari. Amemsikiliza kifua, mbele na nyuma. Kimetulia, amesema. Aende na pampu yake ya kuvuta dawa, avae barakoa, akianza kukoroma kifuani aletwe mara moja. Lakini si ahadi, akasema. Mimi nilikuwa nataka ahadi.

Jumapili, 3 Januari
Kanisani tumekaa mbalimbali. Niliomba vibaya, nikimpangia Mungu kazi. Mchana nimeshona mfuko mdogo ndani ya sketi ya Mwende, wa pampu. Nikaufumua. Nikaushona tena, nyuzi mbili. Sina imani na huo mfuko wala na mimi mwenyewe. Afadhali viatu, nimepata vya binamu yake.

Jumatatu, 4 Januari
Tulipofungua lango, watoto wa mwethya wote walikuwa wamesimama njiani, sare na barakoa. Binti wa Mama Kioko pia. Hakuna aliyekuwa amepiga hatua. Mama zao walikuwa wameketi ukingoni, wakitazama lango langu.

Mwende akatoka. Akagusa mfuko kidogo, akajiunga nao. Ndipo wakaondoka.

Sikuenda kwa broka. Nimekaa mlangoni na ungo wa maharagwe. Tangu shule zifungwe nimezoea kusikiliza kifua chake humu ndani. Leo nasikia kuku tu. Maharagwe yamekwisha kuchambuliwa. Nimeyachanganya na mabovu yake, naanza upya.